AKIBA ISIYOOZA

Somo: Kutoka 16:13–36



Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba akiba haiozi. Ni neno jema, nasi tulilisikia tangu utoto jikoni kwa mama zetu, waliporudisha konzi moja ya unga chomboni kabla ya kusonga ugali. Lakini Maandiko Matakatifu yatuonyesha akiba iliyooza. Ilioza kwa usiku mmoja tu, ikaingia mabuu, ikanuka, hata Musa akawakasirikia walioiweka. Tena katika sura ile ile twaonyeshwa akiba ya chakula kile kile, iliyowekwa na watu wale wale, nayo haikunuka wala haikuingia mdudu.

Basi yatupasa kuuliza: ni jambo gani lililozitenga akiba hizi mbili? Maana siku za uhaba zinapofika, watu wa nyumba za Kikristo huulizana sana habari hii. Mmoja asema, Mkristo haimpasi kuweka akiba, kwa kuwa Bwana alitukataza kuisumbukia kesho. Mwingine asema, kila mtu na ajaze ghala yake na kuufunga mlango, kwa kuwa siku ni mbaya. Na wote wawili wana Biblia mkononi. Nasi twataka kulisikiliza Neno lenyewe.

Mana ya jangwani

Ulikuwa umetimia mwezi mmoja tangu Waisraeli watoke Misri. Chakula walichobeba kilikwisha, nao wakazikumbuka sufuria za nyama walizoziacha utumwani. Mungu akawapa mana, na amri yake ilikuwa nyepesi: kila mtu aokote kadiri ya ulaji wake, pishi moja kwa kila kichwa, wala asibakize kitu mpaka asubuhi. Nao walipopima, aliyeokota nyingi hakuwa na ziada, na aliyeokota chache hakupungukiwa.

Lakini walikuwako waliobakiza. Tusiwacheke, maana walikuwa watu walioionja njaa. Walisema mioyoni mwao: Leo Mungu ametupa, lakini ni nani aijuaye kesho? Wakaificha mana hemani ili kesho wasiwe na haja ya kumtazama Mungu. Akiba hiyo ndiyo iliyooza.

Siku ya sita Mungu akawapa chakula cha siku mbili, akawaamuru wakiweke kilichosalia mpaka asubuhi ya Sabato. Wakakiweka, nacho kikakaa kizuri. Zaidi ya hayo, Haruni aliamriwa kujaza pishi moja katika chombo na kuiweka mbele za Bwana kwa ajili ya vizazi vijavyo, wapate kukiona chakula walicholishwa baba zao jangwani. Yule Mungu aliyekataza kuweka ndiye huyo huyo aliyeamuru kuweka.

Basi tofauti haikuwa katika chombo, wala katika jua na baridi ya jangwa. Akiba ya kwanza iliwekwa na hofu, kinyume cha Neno. Ya pili iliwekwa na utii, kwa kulifuata Neno. Hofu humfanya mtu aweke ili asimhitaji Mungu wala jirani. Utii humfanya aweke kwa kuwa Mungu amempa leo chakula cha kesho, naye hataki kukidharau kipawa hicho. Bwana Yesu alitukataza kusumbuka. Hakutukataza kulima, wala kuanika, wala kuhesabu. Na Sulemani alipomtuma mvivu aende kwa chungu akamwangalie jinsi anavyojiwekea chakula wakati wa mavuno, hakumtuma kujifunza hofu. Alimtuma kujifunza akili.

Akiba ya utii, ndugu, ina mambo matatu: kupima, kutunza na kugawa. Likikosekana moja, mabuu huingia.

Jambo la kwanza: Kupima

Yosefu alipomshauri Farao, hakusema kwamba kiwekwe kitakachobaki baada ya watu kushiba. Alitaja fungu kabla ya karamu kuanza: sehemu ya tano ya mavuno ya miaka 7 ya shibe. Atakayengoja kuona kitakachobaki ataona kwamba hakuna kilichobaki.

Hapa yatupasa kusimulia habari ya nyumba yetu sisi tuandikao, ingawa twaona haya, maana mwalimu afichaye kosa lake hufundisha nusu tu. Mwaka mmoja shamba letu huku nyanda za juu za kusini lilitupa magunia 14 ya mahindi. Nyumbani tulikuwa watu sita, na mtoto wetu mmoja alikuwa amemaliza mafundisho, angoja siku ya kipaimara. Mwezi wa saba mnunuzi akaja na gari na fedha taslimu. Bei ilikuwa ndogo, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiuza; na magunia aliyataka ya lumbesa, yaliyojazwa mpaka juu ya mdomo na kushonewa kilemba. Tukamwuzia magunia 8. Fedha ile ikalipa turubai, wapishi, vinywaji, nguo mpya na vyombo vya muziki. Wageni wakala, wakatusifu, wakaenda zao. Ghalani yakabaki magunia 6.

Hatukufanya hesabu ambayo mtoto wa shule angeifanya. Mtu mmoja akila nusu kilo ya mahindi kwa siku, watu sita hula kilo 3. Kwa mwezi ni kilo 90, na kwa mwaka mzima ni karibu kilo 1,100, yaani magunia 11 ya kilo 100. Katika magunia yetu 14 tulikuwa na matatu tu ya kuuza, nasi tuliuza manane. Magunia 6 ni chakula cha siku 200. Kabla mwezi wa kwanza haujaisha tuliiona sakafu ya ghala, na mahindi ya shambani yalikuwa bado hayajafika kiunoni. Tukanunua mahindi kwa bei iliyopita mara mbili ile tuliyouzia, tena kwa fedha ya mkopo, ule ambao watu huuita kausha damu, nao uliistahili jina lake.

Siku ya kipaimara ni siku takatifu. Mtoto husimama mbele ya usharika na kuikiri imani aliyobatiziwa. Lakini baraka ya kuwekewa mikono haiongezeki kwa wingi wa masufuria. Mtoto yule alikuwa amejifunza kwa moyo kumwomba Baba wa mbinguni chakula cha kila siku. Nasi wazazi wake, kwa ajili ya kumheshimu, tulikila chakula chake cha mwezi wa pili kwa siku moja. Twasema hivi pia kwa habari za arusi na matanga. Ugeni ni wema, wala hatuwaagizi watu kuwa wachoyo. Lakini karamu inayowaacha watoto na njaa si ukarimu, ni majivuno.

Basi mavuno yakiisha kukauka, baba na mama wakae pamoja na kuyahesabu. Twasema pamoja, maana nyumba nyingi zimeingia taabuni kwa kuwa ashikaye fedha si yeye ashikaye mwiko. Baba huuza gunia asiloulizwa, na mama huona tu kwamba ghala imeshuka. Kwanza watenge limbuko la Bwana. Pili, mbegu, kama hutunza mbegu yao. Tatu, chakula mpaka mavuno mengine, kwa kuhesabu vinywa na siku. Nne, fungu la mgeni na maskini. Ndipo kitakachozidi kiuzwe, na kama nyumba ina uwezo wa kungoja, kisiuzwe chote siku ya kwanza ambapo bei iko chini.

Nao wakaao mjini kwa mshahara wasiseme kwamba neno hili ni la wakulima. Mshahara nao ni mavuno, ila huvunwa kila mwezi. Wengine huumaliza kabla ya siku ya kumi, kisha huishi kwa kukopa katika simu, na mwezi ufuatao hufika ukiwa umekwisha kuliwa. Nyumba tatu au nne zikiungana zaweza kununua mahindi, mchele na maharage wakati wa mavuno, kwa magunia badala ya kibaba kibaba dukani. Na vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo kina mama wengi wamevianzisha, ni ghala pia, maadamu vinaongozwa kwa uaminifu na daftari lake liko wazi.

Jambo la pili: Kutunza

Bwana wetu alipokwisha kuwalisha wanaume elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili, aliwaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Wakajaza vikapu 12. Jambo hili latustaajabisha kuliko muujiza wenyewe. Yeye awezaye kuzidisha mikate kwa neno la kinywa chake hakukubali makombo yakanyagwe. Aliye na uwezo wote alikuwa mwekevu. Je, sisi tusio na uwezo tutakuwa wapotevu?

Wengi huvuna vema na kupoteza ghalani. Adui ni wengi: panya, fukusi, unyevu, na huyo aitwaye dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa Tanzania alionekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea. Huyatoboa mahindi na makopa ya muhogo mpaka yanakuwa vumbi, naye hupenda hasa mahindi yaliyoachwa katika magunzi. Kwa hiyo mahindi yapukuchuliwe mapema, yaanikwe juu ya turubai wala si juu ya ardhi tupu, na ghala ifagiliwe mpaka pembeni kabla ya kuingiza mapya. Mabaki ya mwaka jana yasichanganywe na ya mwaka huu. Atiaye dawa atie ile ya kuhifadhia nafaka tu, kwa kipimo kilichoandikwa. Dawa ya kunyunyizia shambani isitiwe katika chakula kamwe. Iko pia mifuko ya tabaka mbili au tatu isiyopitisha hewa. Ikifungwa sawasawa, wadudu waliomo humaliza hewa iliyomo na kufa, wala haihitaji dawa.

Nafaka ya kuwekwa iwe kavu. Asiye na mashine ya kupima unyevu aweza kufanya hivi: achukue chupa kavu yenye kifuniko, atie mahindi na chumvi iliyokauka sana, aitikise, kisha aiache itulie. Chumvi ikigandama ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka, ayarudishe juani.

Jambo hili si dogo. Ukungu unaoota katika mahindi na karanga zenye unyevu huzaa sumu iitwayo sumukuvu, nayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka wa 2004 katika sehemu za mashariki za Kenya waliugua watu 317 kwa sumu hii, na 125 kati yao wakafa. Mwaka wa 2016 iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo chagueni punje kwa ungo, na zilizoota ukungu mzitupe. Wako wasemao kwamba mahindi mabovu yafaa kwa kuku, au kwa pombe, au kwa maskini ajaye mlangoni. Ndugu, kumpa maskini kilichooza si sadaka. Ni kumpa mauti kwa mkono wa huruma.

Tena kutunza si mahindi peke yake. Bibi zetu walijua zaidi yetu. Wagogo hukausha mlenda, Wasukuma huanika viazi vitamu wakapata michembe na matobolwa, na watu wa pwani na wa ziwani hukausha samaki. Majani ya kunde yakianikwa wakati wa mvua huwa mboga ya kiangazi. Mahali penye mvua chache, mtama na uwele huvumilia ukame kuliko mahindi. Nasi tuliozoea kuviona kuwa chakula cha watu wa zamani twafanya vema kuvirudisha katika pembe moja ya shamba. Jikoni nako, maharage yaliyolowekwa tangu jioni huiva kwa kuni chache. Mambo haya ni madogo, lakini kibaba hujazwa na haba na haba.

Wasomaji wetu humjua Martin Luther. Si wote wanaomjua mkewe. Katharina von Bora aliolewa naye mwaka wa 1525, wakakaa Wittenberg katika nyumba iliyokuwa ya watawa. Luther alikuwa mwepesi wa kutoa, mzito wa kuhesabu. Katharina ndiye aliyesimamia bustani na mifugo na mashamba, akawalisha wanafunzi, wageni na yatima waliojaa mezani pao. Luther, kwa mzaha uliochanganyika na heshima, alimwita bwana wake. Tunaposoma habari hizi twaona kwamba hesabu ya mke ndiyo iliyouwezesha ukarimu wa mume. Asiyepima hana cha kutoa, hata moyo wake ukiwa mwema.

Jambo la tatu: Kugawa

Hapa twafika penye shina la habari. Mtu mwenye ghala iliyopimwa na kutunzwa vema aweza bado kuwa yule tajiri mpumbavu wa Luka 12. Mtu yule hakuiba, wala hakuwa mvivu. Shamba lake lilizaa, akapanga kujenga ghala kubwa zaidi. Lakini soma maneno yake: anasema na nafsi yake tu. Hakuna mke, hakuna mtoto, hakuna mtumishi, hakuna jirani, hakuna Mungu. Alijenga ghala isiyo na mlango wa nje, na usiku ule ule akaitwa aiache.

Yosefu alijenga ghala ili zifunguliwe. Njaa ilipoenea nchi yote alizifungua, na hata ndugu zake waliomuuza wakala humo. Lakini tusiyafiche Maandiko yanayofuata: katika Mwanzo 47 watu wa Misri walitoa fedha zao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao na miili yao, wapate chakula. Waliokoka na mauti, lakini wakawa watumwa wa Farao. Na vizazi vilivyofuata Waisraeli nao walijua utumwa wa Misri ni nini. Njaa ya jirani yaweza kuwa mnyororo mkononi mwa mwenye ghala.

Je, mambo haya hayapo katika sharika zetu? Mwezi wa pili mtu mwenye watoto wenye njaa huja kwa jirani yake, naye humpa debe moja leo kwa ahadi ya madebe matatu wakati wa mavuno. Mwingine huyanunua mahindi ya mwenzake yangali mabichi shambani, kwa bei ya kufa. Kisha Jumapili wote wawili huja kuupokea mkate mmoja katika Chakula cha Bwana. Mithali 11:26 yatuambia kwamba watu humlaani azuiaye nafaka, na baraka humjia aiuzaye. Kuuza si dhambi. Kungojea njaa ya mwenzako ikomae kama ndizi ndiyo dhambi. Mwaka wa 2022 na mwanzoni mwa 2023, bei ya mahindi, mafuta ya kula na mbolea zilipopanda sana, wako waliosema kwamba huu ni wakati wa neema kwa mwenye ghala. Naam, ulikuwa wakati wa neema, kama angeufungua mlango.

Sasa turudi katika nyumba yetu. Wiki ile mahindi yetu yalipokwisha, kabla hatujaenda kukopa mara ya pili, alikuja mama mmoja mjane wa usharika wetu. Shamba lake ni nusu ya letu. Hatukumwambia mtu hali yetu, maana sisi ndio tufundishao wengine. Lakini moshi wa jikoni husema, na majirani waliona kwamba unafuka mara moja tu kwa siku. Akaja jioni, giza lilipokuwa limeingia, ili asituaibishe. Alibeba debe la mahindi kichwani na maharage katika khanga.

Tukamwambia, "Mama, wewe huna mtu wa kukulimia. Haya ni ya kwako, utakula nini?"

Akaketi, akasema, "Mwanangu, hili si langu. Kila mwaka nikianua, debe moja naliweka pembeni. Sijui ni la nani mpaka mwezi wa kwanza. Mwaka huu ni lenu."

Tukanyamaza. Tulikuwa tumehubiri mara nyingi juu ya mjane wa Sarepta na pipa lake lisilopunguka. Hatukuwa tumefikiri kwamba siku moja tutakaa mahali pa Eliya, tukilishwa. Yeye alikuwa amepima, maana alijua debe lipi ni la nyumba na lipi si la nyumba. Alikuwa ametunza, maana mahindi yale hayakuwa na tundu hata moja. Naye aligawa. Akiba yake haikuoza. Yetu ilioza siku ile ya karamu, ingawa hakuna mdudu aliyeingia.

Kanisa la kwanza nalo lilifanya hivyo. Agabo alipotabiri njaa iliyokuja siku za Klaudio Kaisari, wanafunzi wa Antiokia hawakukimbilia kuzifunga ghala zao. Kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake akaazimu kupeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Waliposikia habari ya njaa, waliwafikiria kwanza walio mbali. Basi kwa nini usharika usiwe na debe la mjane yule? Kila nyumba ikileta pishi moja wakati wa Sikukuu ya Mavuno, nayo ikawekwa kavu mahali salama, chini ya mkono wa watu wawili au watatu waaminifu, usharika utakuwa na kitu mwezi wa kwanza utakapobisha hodi.

Ghala ikiwa tupu

Neno moja limebaki, nalo ni kwa ajili ya wale ambao ghala yao ni tupu bila kosa lao. Mtu asiyatumie maneno haya kumhukumu mwenye njaa. Kuanzia mwaka wa 1917 mpaka 1920 Ugogo iliingiwa na njaa ambayo wenyeji waliiita Mtunya. Wagogo hawakuwa wapotevu. Katika ile Vita Kuu, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalitwaa nafaka yao na ng'ombe zao, na wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi. Kisha mvua nayo ikakosekana. Watu wengi sana walikufa. Na kati ya mwaka wa 2020 na 2023, katika sehemu za Kenya, Somalia na Ethiopia, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Hapana kihenge kinachotosha kwa misimu mitano.

Hata Katharina, aliyepima na kutunza maisha yake yote, aliona mwisho mgumu. Baada ya Luther kufa mwaka wa 1546 vita vikaharibu mashamba yake, naye akaishi katika uhitaji. Mwaka wa 1552 aliikimbia tauni ya Wittenberg, akaumia njiani, akafa huko Torgau. Akiba yake haikumwokoa, wala hakuwa ameiweka ili imwokoe. Alikuwa na Mwokozi mwingine.

Basi turudi katika Katekismo Ndogo tuliyofundishwa. Luther alipolieleza ombi la nne, mwaka wa 1529, alisema kwamba Mungu huwapa watu chakula hata bila ya kuombwa, hata waovu; lakini twaomba ili tukitambue kipawa hicho na kukipokea kwa shukrani. Kisha akataja mambo yaliyomo katika chakula cha kila siku. Ametaja vya kula na vya kunywa, nguo na viatu, nyumba na shamba, mifugo na fedha. Ametaja pia serikali njema, amani, afya na hali nzuri ya hewa. Na karibu na mwisho ametaja majirani waaminifu.

Tulilisoma neno hilo miaka mingi na kuwafundisha wengi, tusiliangalie sana. Usiku ule, yule mama alipokwisha kwenda na debe likabaki penye kizingiti, tulilielewa. Yeye mwenyewe alikuwa chakula chetu cha kila siku. Tulikuwa tumemwomba Mungu mkate, naye akatupa mkate na aliyeuleta.

Ndugu makatekista, fundisheni mambo haya sasa, mahindi yangali ghalani, wala msingoje mwezi wa kwanza. Waulizeni watu wa mafundisho waende nyumbani wakahesabu vinywa na magunia pamoja na wazazi wao, waje na hesabu yao Jumapili. Wazazi wa kipaimara mwakani, kaeni pamoja na wazee wa usharika, mkapatane karamu iwe ndogo kwa wote, ili pasiwe na aonaye haya. Na kila nyumba itenge debe lake moja, au pishi moja, au konzi moja, bila kujua bado ni la nani. Mungu analijua jina lake.

Naye Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, aliyewalisha baba zetu jangwani miaka 40, na atupe leo akili ya kupima, mikono ya kutunza na moyo wa kugawa. Na ghala zetu zikijaa asituache tumsahau, na zikiwa tupu asituache tukate tamaa. Amin.